Jiwe Namba Kumi na Saba

Ghundai, Mohmand
14 Machi 2019

Kwa ndugu yangu Yargul, mtoto wa baba mdogo,

Amani iwe juu yako na mkeo, na juu ya binti yako Wagma ambaye sijapata kumwona. Sisi huku hatujambo. Mfereji umejaa maji ya theluji, ngano imeshika, na mbuzi wa mama yako amezaa mapacha, wote majike. Mama yako anatembea kijijini kwa maringo utadhani kazaa yeye.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Hata mimi nilishangaa kujiona nimeshika kalamu. Juzi mama yako aligonga mlango wetu wa uani, akaniambia, "Shamroz, wewe ndiye mwalimu. Mwandikie mwanangu. Simu siitaki, kila nikiongea nusu ya kijiji wamekaa kitako wanasikiliza."

Nikamwambia, "Mama mdogo, kijiji kizima hukupata mtu mwingine?"

"Wengine wataandika wanayotaka wao. Wewe huwezi kunidanganya, maana mama yako yuko hapo nyuma ya pazia anasikia kila neno."

Ni kweli, mama alikuwa nyuma ya pazia.

Basi haya ni maneno ya mama yako. Dada yako Bakhtmina amechumbiwa na kijana wa ng'ambo ya mto, fundi umeme, watu wake ni waungwana. Harusi ni Ijumaa ya kwanza baada ya Idi Kubwa. Baba yenu hayupo, kaka yenu Zarif hayupo, mwanamume uliyebaki ni wewe. Bibi harusi hatoki mlangoni peke yake kama mtu anayekwenda kuteka maji. Kaka ndiye humtoa. Anasema uje.

Sasa yangu mimi. Wewe na mimi hatuna haja ya kukumbushana, lakini nakumbusha, maana watoto wa siku hizi wanadhani lile ni jiwe la kukalia. Zarif wenu alimpiga risasi Lajbar wetu, ndugu yangu wa tumbo moja, kwa ugomvi wa zamu ya maji. Kabla sijamfikia, akaenda Dubai akaanguka kwenye jengo akafa. Tangu hapo deni la damu limekuwa shingoni mwako, na mdai ni mimi. Wazee watatu wakakaa, wakaweka jiwe chini ya mforsadi ulio mpakani mwa mashamba yetu, wakasema: jiwe hili likiwa mahali pake, hakuna atakayemnyanyulia mwenzake mkono. Limekuwa mahali pake miaka yote hii, na ndiyo maana naweza kukuandikia na wewe unaweza kusoma.

Shida ni barabara. Tangu mwaka jana walipotangaza redioni kwamba eneo letu la makabila limeunganishwa na jimbo, tuwe na sheria moja na wenzetu, kila mtu anasubiri neema. Barabara ndiyo imetangulia. Injinia amepita na kopo la rangi nyekundu, akaandika namba kwenye mawe yote ya njiani. Jiwe letu sasa ni namba kumi na saba. Njia inapita juu yake.

Una maoni gani?

Wako,
Shamroz

*

Karachi
9 Aprili 2019

Kwa ndugu yangu Shamroz, mtoto wa baba mkubwa,

Wa alaikum salaam. Nimepokea barua yako kwa mkono wa Tamash dereva, ikiwa na doa la mafuta katikati, nadhani aliifanya sahani. Sisi wazima. Joto limeanza. Hoteli ya chai inakwenda, nina wapishi wawili wa chapati za samli na mmoja wao ni mvivu kuliko yule punda wa babu. Mfikishie mama mkubwa Gulsanga salamu zangu. Kama hataki kuzipokea, basi zibaki kwako.

Mwambie mama nimefurahi kwa Bakhtmina. Mwambie nitakuja. Au usimwambie hivyo. Mwambie nafikiria. Ah, hata sijui umwambieje, wewe ndiye mwalimu.

Ndugu yangu, mambo ya huku yananichanganya. Wiki iliyopita askari amenisimamisha kizuizini. Kaangalia kilemba, kaangalia kitambulisho, akauliza, "Mwafghani?" Nikamwambia, "Hapana bwana, Mohmand." Akasema, "Mohmand si ndiyo Afghanistan?" Nikamwambia, "Bwana, mmetuunganisha juzi tu, redioni mlitangaza wenyewe." Akacheka, akaniachia. Mimi sikucheka mpaka nilipofika nyumbani, na hapo pia sikucheka sana. Halafu Wagma naye akarudi kutoka shuleni akasema mwalimu kawauliza kila mmoja yeye ni nani, naye kajibu, "Mimi wa Karachi." Nikamgombeza. Mama yake akaniuliza, "Ulitaka aseme wa wapi? Huko ambako baba yake mwenyewe hathubutu kwenda?"

Mwambie injinia jiwe si lake. Waulize wazee. Na wewe, Shamroz, nikuulize jambo moja, unijibu kama ulivyokuwa ukinijibu tulipokuwa tunaiba forsadi pamoja: jiwe likiondoka, utafanya nini?

Yargul

*

Ghundai
20 Mei 2019

Ndugu yangu Yargul,

Salamu za mfungo. Mwezi huu tunafuturu kwa bamia za mama yako, kaleta kapu zima. Mama yangu alizipika bila kuuliza zimetoka wapi, ingawa kapu analijua. Mama yako mzima. Bakhtmina anashona shela na hataki mtu alione. Mvua ya mawe imeharibu aprikoti za watu wa juu, zetu zimepona.

Nimefanya ulivyosema. Nimekwenda kwa Malik Zarbadin, kati ya wale wazee watatu ndiye aliyebaki. Nilimkuta anapaka hina ndevu. Nikamweleza. Akafikiri mpaka hina ikakauka.

"Sheria ni nyepesi," akasema. "Mkono wa upande mmoja ukiligusa jiwe, upande huo umevunja amani."

"Na mkono wa serikali ukiligusa?"

"Serikali haijawahi kufika huku mwanangu. Ilikuwa inaishia kule darajani."

"Sasa imefika, Malik. Ina katapila."

Akaniangalia kwa hasira kana kwamba katapila ni langu. "Basi sijui. Nenda kaiulize hiyo serikali yako."

Nikaenda. Mjini sasa kuna mahakama, na wale walinzi wetu wa zamani wamevishwa sare, wanaitwa polisi. Wengine ni wanafunzi wangu, wananiamkia halafu wananipekua. Karani akaniuliza shauri langu ni la nini. Nikasema la jiwe. Akauliza, "Jiwe la thamani?" Nikasema thamani yake ni mtu mmoja. Hapo akaweka kalamu chini. "Kuna mtu ameuawa? Nani kaua? Nani anataka kuua?" Nikamwambia nimekosea mlango, nikatoka mbio mbio na viatu nusu mguuni.

Sikiliza, silaumu. Zamani mmoja akikosa watawala walitufunga ukoo mzima na kutubomolea nyumba. Siku hizi kila mtu anabeba kosa lake. Ni haki, na darasani nawafundisha watoto hivyo hivyo, kwamba sisi sote ni raia sawa. Lakini nikirudi nyumbani namkuta mama anaikung'uta vumbi picha ya Lajbar. Mama hajasikia habari ya muungano.

Mama yako anasema uje. Hilo la pili uliloniuliza, karatasi imekwisha.

Shamroz

*

Karachi
18 Juni 2019

Ndugu yangu Shamroz,

Idi njema iliyopita. Wagma ameng'oka jino na amekataa kulitupa. Yule mpishi mvivu nimemfukuza, kisha nikamrudisha, maana huyu mwingine anaunguza.

Karatasi imekwisha! Mwalimu wa shule! Nyuma ya barua yako pako peupe kabisa, nimepageuza mara tatu.

Huku wamekuja wagombea. Inasemekana nyumbani mtapiga kura ya jimbo kwa mara ya kwanza, kwa hiyo wanatufuata sisi wa Karachi tuwaambie ndugu zetu. Wa kwanza alisimama pale hotelini kwangu akasema Wapashtuni ni kitu kimoja tangu mto huu hadi mlima ule, anayetutenganisha ni adui. Nikapiga makofi. Kesho yake akaja mwingine akasema nchi ni moja, hakuna Mpashtuni wala nani, anayetutenganisha ni adui. Nikapiga makofi tena, mpaka mpishi akaniuliza, "Bosi, sasa uko upande gani?" Nikamwambia mwenye hoteli yuko upande wa anayekunywa chai.

Lakini usiku sikulala vizuri. Wapashtuni ni kitu kimoja, vizuri. Nchi ni moja, vizuri. Mbona basi mtu anayeweza kuniua duniani ni mmoja tu, na babu yetu ni mmoja? Sina anayeniwinda Karachi. Lahore sina. Yuko Ghundai, na ndiye ananiandikia habari za aprikoti.

Nakuuliza tena. Likiondoka, utanipiga au hutanipiga? Niambie tu. Ukisema ndiyo, sitakuchukia, desturi naijua, hata mimi ningeulizwa hivyo hivyo. Lakini nina dada anangoja mlangoni.

Yargul

*

Ghundai
27 Julai 2019

Yargul,

Salamu. Watu wazima, ng'ombe wazima. Tumepiga kura, vidole vyetu vyote vina wino. Mama yangu na mama yako walipanga foleni moja ya wanawake, mmoja nyuma ya mwenzake, na hawakusemezana. Sijui wamemchagua nani. Mama alirudi akasema alitia alama kwenye picha anayoifahamu, ya kitabu.

Jiwe limeondoka.

Siku mbili kabla, watu wa barabara walirudia kupaka rangi, maana mvua ilikuwa imefuta namba. Kisha katapila likaja asubuhi ya Jumatano. Nilikwenda pale na baadhi ya watu, tukitaka kumwomba dereva alikwepe. Tukafika, tukaangalia chini ya mforsadi: shimo. Dereva anaapa kwa watoto wake kwamba hakuligusa. Namba kumi na sita ipo, kumi na nane ipo, kumi na saba haipo. Injinia kakasirika kuliko sisi.

Sasa kijiji kizima kimevurugika. Kila mtu ana lake. Wengine wanasema amani imekwisha, jiwe halipo mahali pake, kwisha maneno. Wengine wanasema amani ilikuwa ya wazee na sasa kuna mahakama, kwa hiyo hakukuwa na amani ya kuvunjwa. Na mwingine kasema, huyo ni kinyozi, kwamba amani ipo popote lilipo jiwe, kwa hiyo kama limebebwa na mto amani imekwenda zake baharini. Watu wakacheka. Wakaacha kucheka waliponiona. Hapo msikitini mmoja kaniuliza kwa sauti, "Mwalimu, darasa la Lajbar utalifungua lini?" Nikajifanya natafuta viatu.

Usiku ule mama alifungua sanduku, akatoa bunduki, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, akailaza kitandani kwangu. Nimelala sakafuni tangu siku hiyo.

Mama yako alikuja niandike barua hii. Shali yake nyeupe ilikuwa imechafuka upindoni. Nimemwambia aifue haraka.

Anasema: Njoo.

Mimi nasema: Usije.

Nimeandika yote mawili kwa sababu la kwanza ni lake na la pili ni langu, na sijui ni lipi ungelifuata.

Shamroz

*

Karachi
2 Agosti 2019

Ndugu yangu Shamroz,

Mke wangu anakusalimu, huku analia. Wagma anakusalimu bila kujua wewe ni nani kwetu. Nilimwambia ni baba yake mkubwa, mwalimu. Akauliza kama unachapa. Nikasema sina hakika.

Watu wa bonde letu walioko huku walikaa hotelini kwangu kunishauri, wakanywa chai tangu adhuhuri hadi magharibi na hawakukubaliana hata juu ya sukari. Nusu wanasema wewe ndiye umelificha jiwe ili upate haki ya kuniua. Nikawaambia, Shamroz namjua, alikuwa anaiba forsadi tu, na kisha anaungama mwenyewe kabla hajaulizwa. Nusu wanasema niende polisi nikupeleke ndani kabla hujanyanyuka. Eti ndiyo faida ya kuunganishwa. Nilisimama, ndugu yangu, nikavaa viatu. Nikafika hadi kwenye kona. Nikajiuliza: nitamshitaki mtoto wa baba mkubwa kwa kosa gani? Kwa kuniandikia barua? Nikarudi kuosha vikombe.

Kwa nini umeniandikia habari ya shali ya mama yangu? Wewe si mtu wa kuandika habari za kufua. Nimeisoma sentensi ile nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama. Kuna kitu unakijua.

Nakuja. Naogopa, nakwambia wazi. Sibebi silaha. Alhamisi kabla ya harusi nitateremka kwenye gari la Tamash pale penye mforsadi, asubuhi, kweupe. Sipendi kukusumbua kunitafuta, na sipendi mbele ya Bakhtmina. Kama itakuwa, basi iwe hapo, kisha umtoe wewe mlangoni. Utakuwa ndiye kaka pekee aliyebaki.

Yargul

*

Ghundai
13 Agosti 2019
Kwa mkono wa Tamash, amkabidhi stendi ya Peshawar kabla hajapanda

Yargul,

Idi njema. Nyama ipo, tumekuwekea ya paja. Soma barua hii yote kabla hujapanda gari, na usimpe Tamash aifanye sahani.

Uliposema nimtoe Bakhtmina mlangoni, niliiacha barua yako mezani nikatoka nje, nikakaa na punda. Kisha nikaenda kwa mama yako nikamuuliza uso kwa uso, "Mama mdogo, rangi nyekundu ile ya shali ilitoka wapi?"

Akaniinulia godoro la kitanda chake. Jiwe liko chini, limefungwa blanketi kama mtoto mwenye homa. Namba kumi na saba inang'aa. Alfajiri ile kabla ya katapila alikwenda peke yake, akaliviringisha na kulibeba hadi ndani. Aliogopa mashine isilisage. "Likisagika mwanangu hatakuja," akaniambia. "Nikaona nilitunze mpaka wamalize barabara yao, halafu nilirudishe."

Masikini, hakuijua sheria. Wanawake hawakai baraza la wazee, nani angemwambia? Mkono wa upande wenu umeligusa. Kwa maneno ya Malik Zarbadin, ninyi ndio mmevunja amani, na mimi nina haki kamili, na anayejua ni mimi peke yangu. Nilisimama pale, Yargul. Nilimfikiria Lajbar. Sitakuficha kwamba nilimfikiria sana, na alivyokuwa akicheka na jino lake lililovunjika.

Halafu nikainama, nikalibeba.

Lina uzito, sijui mama yako alitumia nguvu za wapi. Nimetoka nalo mchana, nimepita nalo kati ya msikiti na duka, watu wanaangalia. Yule wa msikitini kauliza, "Mwalimu, unakwenda nalo wapi?" Nikamwambia, "Darasani." Nikapita kwa Malik. Nikamwambia, "Mkono wao umeligusa na mkono wangu umeligusa. Nani amevunja?" Mzee kaliangalia jiwe, kaniangalia mimi, akasema, "Kila siku unaniletea mtihani. Sijui! Na usiniulize tena, nina wageni wa Idi."

Nikalifikisha kwetu, nikaliweka uani mbele ya mama, nikamweleza yote, pamoja na shali. Nilidhani atanifukuza. Hakuniangalia hata kidogo. Alikwenda kwenye ukuta unaotutenganisha na ninyi, akaita jina la mama yako. Tangu tulipomzika Lajbar sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwake.

"Mwizi wewe," akasema.

Mama yako akajibu kutoka upande wa pili, karibu kabisa, kumbe alikuwa kasimama hapo hapo. "Nimeiba. Nataka mwanangu aje."

"Wangu mimi, hata nikiiba mlima, haji."

Niliwasikia wote wawili wakilia, kila mmoja upande wake, na mimi nikiwa katikati na rangi mikononi. Bunduki imerudi sandukuni. Nimeirudisha mimi, na mama aliniona.

Sasa utaniuliza, je, kuna amani au hakuna? Sijui. Jiwe haliko mahali pake, wazee wamekufa au wana wageni, mahakama ilinitimua kwa maswali, na barabara imepita juu ya shimo, nyororo kabisa. Siwezi kukuandikia kwamba deni limefutwa, maana mwenye kulifuta si mimi, ni mama. Naweza kukuandikia lile uliloniuliza mara mbili. Sitakupiga. Karatasi haijaisha, nafasi ipo, narudia: sitakupiga.

Teremka penye mforsadi kama ulivyosema. Nitakuwa pale kukupokea mzigo. Ukifika kwetu utamkuta mama uani, amelikalia jiwe. Tangu jana anapepeta mchele wa harusi ya Bakhtmina juu yake, na mtu akimgusia habari ya deni anasema hajasamehe, amechoka tu kusimama.

Shamroz